Ukitaka kuuza nyumba springi, anza kabla ya theluji

Kila mwaka ikifika Februari kwenye magrupu yetu ya WhatsApp huku Minnesota, Marekani, linarudi swali lile lile, jamani nataka kuuza nyumba mwezi wa nne, mwenye fundi mzuri wa kukarabati jiko anirushie namba. Na mimi kila mwaka natamani kujibu: ndugu yangu jiko liache, na tena umeshachelewa.

Kwa wageni nieleze kidogo. Nyumba huku zinauzwa mwaka mzima ila msimu wenyewe ni springi, Machi mpaka Juni, kwa sababu wenye watoto wanataka wawe wameshahama kabla shule hazijafunguliwa, na shule nyingi hapa zinafunguliwa karibu na Labor Day, sikukuu ya wafanyakazi ya mwanzoni mwa Septemba. Realtor.com, tovuti ya matangazo ya nyumba, walisema kwa mwaka 2025 wiki nzuri kuliko zote ya kuiweka nyumba sokoni ni Aprili 13 mpaka 19. Sawa, lakini hiyo ni hesabu ya nchi nzima, tunaokaa huku tunaijua Aprili yetu, majani hayajaota, uwanja matope matupu, na rundo la theluji chafu bado limekaa pembeni ya njia ya gari. Ndo maana mi nasema ukiwa na wazo la kuuza mwakani piga picha za nje mwezi wa saba au wa nane, miti ikiwa na majani na maua yako yamechanua, uzitunze tu kwenye simu. Hazigharimu hata senti.

Sasa tatizo lenyewe. Vinavyoharibu mauzo sio jiko la zamani, ni vile vitu ambavyo baridi haikuruhusu kuvigusa. Chukua rangi ya nje. Minneapolis na St. Paul zimejaa nyumba za zamani, zilizojengwa kabla ya 1978, mwaka ambao serikali ilipiga marufuku rangi yenye madini ya risasi majumbani, na mnunuzi wako mara nyingi ni mtu kama wewe ulivyokuwa, ananunua kwa mara ya kwanza na mkopo wa FHA, ule unaodhaminiwa na serikali, anatanguliza asilimia 3.5 tu ya bei. Basi mthamini anayeikagua nyumba kwa ajili ya mkopo huo akikuta rangi inabanduka kwenye fremu ya dirisha la nyumba ya umri huo anaandika itengenezwe kwanza ndo mkopo upite. Utaipaka lini, Februari, na nje ni nyuzi joto kumi na tano chini ya sifuri? Hiyo ni kazi ya Agosti au Septemba, kwa fundi anayejua kukwangua rangi ya risasi bila kusambaza vumbi lake.

Kuna kazi moja tu ambayo baridi inakusaidia, nayo ni kupima radoni, ile gesi ya hatari isiyo na rangi wala harufu inayotoka ardhini na kujikusanya basementi, vyumba vya chini ya nyumba. Idara ya afya ya Minnesota inasema nyumba kama 2 katika kila 5 zina kiwango cha juu, na tangu Januari 2014 sheria inamtaka muuzaji amwambie mnunuzi chochote anachojua kuhusu radoni ya nyumba yake. Ipime Januari madirisha yakiwa yamefungwa, ikizidi 4 kwa kipimo cha radoni (pCi/L) unafungiwa bomba na feni ya kuitoa nje, bei yake haifiki hata robo ya jiko jipya. Afadhali uijue wewe mapema kuliko inspekta wa mnunuzi akuletee wiki mbili kabla ya klozing, siku ya kukamilisha mauzo, hapo anakukata bei anavyotaka. Na kama nyumba iko Minneapolis kuna ukaguzi unaotakiwa na jiji nyumba inapouzwa, wanaita TISH, usisubiri Aprili wakaguzi wakiwa wamebanwa.

Jiko turudi kidogo maana najua mtabisha. Sikatai, jiko linauza nyumba. Ila dola elfu thelathini za jiko jipya huzirudishi zote, na mnunuzi anaweza asipende hata hiyo rangi uliyochagua. Panda kwenye ngazi upitishe kidole juu ya makabati, pale juu ya stovu. Ule utando wa mafuta wa njano unaonata ni miaka ya samaki wa kukaanga na maandazi, na feni za majiko mengi huku wala hazitoi moshi nje, zinauzungusha tu unarudi ndani. Sisi tumeshazoea hatuisikii harufu, mgeni anaisikia akiwa bado mlangoni. Sabuni ya kukata mafuta, kuosha kapeti au kuitoa kabisa, kupaka rangi nyeupe kuta na dari, basi. Masofa mawili kati ya manne yapeleke kwa shemeji.

Karatasi ndo watu wanazisahau kabisa. Minnesota ukiwa na ndoa, mwenzi wako lazima asaini kuuza nyumba mnayoishi hata kama jina lake halipo kwenye hati. Mke yuko Mwanza anauguza mama, mume anasema nyumba ni yangu nitasaini mwenyewe, hapana kaka, tafuta mapema hati ya uwakilishi, ile inayomruhusu mtu asaini kwa niaba yake, na miadi ya ubalozi wa Marekani ya kuithibitisha usiitegemee ndani ya wiki moja. Kodi ya faida wengi haiwagusi, ukiwa umeimiliki na kuishi humo miaka 2 kati ya 5 ya mwisho unasamehewa faida mpaka dola 250,000, mkiwa mke na mume mnaojaza kodi pamoja 500,000. Hapo wanaoumia ni waliorudi nyumbani wakapangisha nyumba kwa miaka, wanashtuka muda umepita. Na kama greenkadi, kile kibali cha ukaazi, ulishairudisha na huna uraia, sheria inakuhesabu mgeni, mnunuzi anaweza kutakiwa kuzuia asilimia 15 ya bei yote, sio ya faida, ya bei yote, aipeleke IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, halafu wewe uanze kuidai ukiwa Dar. Mtafute mhasibu Novemba, kabla hajazama kwenye msimu wa kodi, maana kuanzia Februari simu yako hapokei.