Chembe za Nano Katika Upasuaji wa Saratani: Kung'aa Pekee Hakutoshi

Anayepasua uvimbe wa saratani hasumbuliwi sana na kiini chake; kinachomsumbua ni kingo, mahali ambapo tishu yenye ugonjwa na tishu nzima hufanana kwa macho na hata kwa kugusa. Akikata kidogo mno, huacha ugonjwa nyuma. Akizidisha, hasa kwenye ubongo, mgonjwa anaweza kuzinduka akiwa hawezi kusema.

Hapo ndipo chembe za nano, ambazo kwa kawaida huwa na ukubwa wa kati ya nanomita 1 na 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), zinapotajwa kuwa mkombozi wa kuufanya uvimbe uonekane. Rangi ya indosianini ya kijani, inayong'arisha tishu wakati wa upasuaji na iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1959, huondolewa na ini kwenye damu ndani ya dakika chache, tena haina kinachoielekeza kwenye saratani. Chembe ya nano yaweza kubebeshwa molekuli nyingi za rangi, kitu cha kuonekana kwenye MRI (kipimo cha picha za ndani ya mwili kwa sumaku), na kinasio cha protini za uvimbe. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walionyesha kwa panya kwamba chembe zilezile zenye dhahabu zilionekana kwenye MRI kabla ya upasuaji, kisha zikafichua mabaki ya uvimbe wa ubongo wakati upasuaji ukiendelea.

Hoja hiyo ina uzito, lakini hata kwa wanyama wa maabara hesabu haipendezi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, ukipitia tafiti za miaka kumi, ulikuta kwamba wastani wa kati wa dozi inayofika kwenye uvimbe ni asilimia 0.7. Sehemu kubwa ya dozi huishia kwenye ini na wengu. Chembe ndogo za silika zilizobuniwa Chuo Kikuu cha Cornell, ambazo zimeshajaribiwa kwa wagonjwa, hulikwepa tatizo hilo kwa kutoka kupitia figo. Ila kinachotoka upesi hupata muda mfupi wa kujikusanya kwenye uvimbe.

Kisha kuna swali ambalo watetezi hulipita haraka: kuona vizuri zaidi kunamfaa nini mgonjwa? Jaribio la Ujerumani la mwaka 2006 lilitumia 5-ALA, dawa ya kunywa isiyo ya nano inayoufanya uvimbe wa ubongo ung'ae wekundu chini ya mwanga wa buluu. Uvimbe unaoonekana uliondolewa wote kwa asilimia 65 ya wagonjwa, dhidi ya asilimia 36 ya waliopasuliwa kwa mwanga wa kawaida, na ugonjwa ulichelewa kurudi. Hata hivyo, haikuthibitika kwamba waliishi muda mrefu zaidi. Chembe za nano zapaswa kushindanishwa na matokeo ya namna hiyo, si na giza.

Kwa maoni yangu, mahali zilipostahili nafasi yake ni kwenye saratani ya matiti, katika kutafuta tezi ya limfu inayopokea kwanza majimaji kutoka kwenye uvimbe. Chembe za nano za oksidi ya chuma hudungwa palepale kwenye titi, tezi hugeuka kahawia, na kifaa cha sumaku huitambua bila mionzi. Hata hapo kuna bei: chuma kinachobaki huweza kuvuruga picha za MRI za titi baadaye, na mgonjwa atakayefuatiliwa kwa MRI anastahili kuelezwa hilo kabla ya kudungwa sindano.