Bureti au mashine? Maji ya Mbeya tuyapimeje

Huku Mbeya watu wa maabara tukikaa pamoja haipiti muda kabla mmoja hajasema taitresheni ya EDTA (kudondosha kemikali ya EDTA kwa bureti, bomba lenye vipimo, mpaka rangi ya maji igeuke) imezeeka, ni mambo ya miaka ya 1940 ya akina mkemia Schwarzenbach kule Zürich, tununue AAS, mashine inayopima kila metali kwa mwanga wa taa yake, tuachane na kukodolea macho flaski. Mi nimetumia zote mbili, na hapo sikubaliani nao moja kwa moja.

Chukua maji ya upande wa Songwe, kule kwenye chemchemi za moto na mawe ya chokaa. Mama analeta chupa anasema sabuni haitoi povu na sufuria ya chai inashika ukoko mweupe. Anachouliza ni ugumu wa maji, yaani kalsiamu na magnesiamu kwa pamoja. Unavuta mililita (mil) 50 kwa pipeti, unaweka bafa ya kushikilia pH ibaki 10, unatia indiketa ya Eriochrome Black T, rangi ya kuonyesha mwisho, kidogo tu, maji yanakuwa mekundu kama mvinyo, halafu unadondosha EDTA ya 0.01 M (moli 0.01 kwa lita) huku unatikisa mpaka wekundu wote uondoke ibaki bluu. Molekuli moja ya EDTA inakamata ioni moja ya metali, kwa hiyo ukitumia mil 15 zidisha mara 20, ni miligramu 300 kwa lita kwa hesabu ya kalsiamu kaboneti. Basi, mama kapata jibu. Kwa AAS ungetafuta taa ya kalsiamu, taa ya magnesiamu, gesi ya asetilini, umeme usiokatika, na mwisho bado unakaa chini kujumlisha.

Ila wenzetu wa mashine nao wana hoja nzito. Jicho la mtu sio mita. Chuma au shaba ikiwemo kwenye maji inang'ang'ania indiketa na rangi inagoma kugeuka, usipoizuia mapema umeumia. Na Julai asubuhi, baridi ya huku mnaijua, rangi karibu na mwisho inageuka polepole mno, nimeona kijana ana haraka akapitiliza mil nzima, na mil moja hapo ni miligramu 20 za uongo. Ungeacha tu sampuli ipate joto la chumba kwanza.

Kwenye risasi, ile metali yenye sumu, ndo kabisa, bureti haina la kusema. Kiwango cha WHO ni miligramu 0.01 kwa lita, ambacho kwenye mil 50 kinahitaji EDTA kama mil 0.00024, wakati tone moja tu la bureti ni karibu mil 0.05. Anayekwambia amepima risasi ya maji ya kunywa hivyo anakudanganya, na hapo kuna afya za watoto.

Kwa maabara ndogo zetu mi ningeweka hela kwenye EDTA safi na bafa mpya, halafu sampuli za metali nzito nizitie asidi ya nitriki mpaka pH ishuke chini ya 2, nizipeleke kwa mwenye mashine.