Nilivyoshtakiwa kwa Kumpiga Mama, Mbwa na Meno Yangu Mwenyewe

Barua yenyewe ilikuwa fupi na yenye adabu, kama zilivyo barua nyingi za shari. Ilisema natakiwa mbele ya kamati ya nidhamu, kwa njia ya video, kujibu tuhuma za "ukatili wa kurudiarudia dhidi ya watu, wanyama na mali". Niliisoma tena nikidhani imekosea njia. Mimi ni mtu ambaye nikijikwaa kwenye kiti, hukiomba kiti radhi.

Niwaeleze mambo yalipoanzia. Kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi ilikuwa na watu waliotapakaa nchi nyingi, tukijuana kwa sura na mabega tu. Miguu ya mwenzako hukuwahi kuiona. Uongozi ukapata wazo, na mawazo ya uongozi ndiyo yanayonitia hofu kuliko radi. Kila mfanyakazi aandike taarifa ya wiki kwa lugha yake ya mama, ajisikie huru, na aeleze maisha yake yote, si kazi peke yake. Kisha programu waliyoitengeneza wenyewe itazitafsiri zote kwa Kiingereza, wakubwa wasome. Programu hiyo, nilikuja kugundua baadaye, ilikuwa na tabia ya kuchukua maana ya kwanza ya neno kwenye kamusi na kukimbia nayo.

Nami nikajisikia huru. Nikaandika:

"Jumatatu niliamka mapema, nikapiga mswaki, nikalipiga shati pasi, nikampigia mbwa mluzi, kisha nikampigia mama simu. Kazini nilimpiga msasa kijana mpya. Mteja mmoja alipiga kelele sana, lakini nilimpigia magoti akatulia. Mchana tulipiga soga, halafu nikampiga jeki mwenzetu wa uhasibu. Jioni nilimpiga picha meneja kwenye skrini akitabasamu. Kwa kifupi, nilipiga kazi."

Taarifa safi kabisa. Hata nilijipongeza.

Ile programu ilivyowasomea wakubwa ni hivi, na hapa nawarudishia Kiingereza chake kwa Kiswahili bila kuongeza chumvi: "Jumatatu niliamka mapema nikayatwanga meno. Nikalichapa shati. Nikamchapa mbwa, kisha nikamchapa mama kwa simu. Kazini nilimtandika kijana mpya kwa msasa. Mteja mmoja alileta kelele, lakini nilimtwanga magotini akatulia. Mchana tulimchapa Soga, halafu nikamponda mwenzetu wa uhasibu kwa jeki. Jioni nilimdunda meneja kwa picha akitabasamu. Kwa kifupi, niliichapa kazi."

Kusema kweli, nilipoisoma, nami nilimwogopa huyo mtu. Lililowatisha zaidi kamati, niliambiwa, si mama wala jeki. Ni yale meno ya asubuhi. Mtu anayeanza siku kwa kujitwanga mwenyewe, atamhurumia nani?

Usiku wa kuamkia kikao sikulala. Nilifungua kamusi zote nilizokuwa nazo nikitafuta wa kunitetea. Nikagundua kwamba kitenzi hiki tumekitumikisha bila aibu. Tunapiga kura, tunapiga muhuri, tunapiga mbizi, tunapiga deki, tunapiga chafya, tunapiga miayo, tunapiga mstari, tunapiga kambi, tunapiga chuku. Ukitazama vizuri, kuna utaratibu ndani yake: ama kuna chombo kinachogusa kitu, kama pasi, brashi na mswaki, ama kuna sauti inayotoka, kama kengele, honi na mluzi, ama kuna jambo la ghafla, kama chafya. Katika yote hayo, nomino ndiyo inayofanya kazi, na kitenzi kimekuja kusindikiza tu. Mtaalamu wa lugha wa Denmark, Otto Jespersen, aliviita vitenzi vya namna hii vyepesi, baada ya kuona Waingereza nao "wanachukua" matembezi na "wana" mtazamo badala ya kutembea na kutazama. Chepesi! Chepesi gani hiki kinachotaka kunifukuzisha kazi?

Nilipata pia faraja ya mpumbavu: Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, toleo la pili la mwaka 1989, imekipa kitenzi set maana 430. Nikaziandika pembeni, endapo Mwingereza atanisumbua.

Lakini jambo lililonikereketa zaidi lilikuwa ile irabu. Nilimpiga mama ni kosa la jinai. Nilimpigia mama ni mtoto mwema. Tofauti yote imebebwa na i moja iliyojibana katikati ya neno, na programu ilikuwa imeipita bila hata kuitazama, sawasawa kwa mama na kwa mbwa.

Kikao kikafunguliwa. Mwenyekiti alikuwa mwanamama wa rasilimali watu, Mwingereza, mwenye miwani iliyoshuka hadi ncha ya pua. Pembeni yake walikuwapo mhandisi wa Kichina, msanifu wa kurasa kutoka Iran, na mwanasheria wa Kifaransa. Na katika kidirisha cha mwisho, kama shahidi na majeruhi, yule mwenzetu wa uhasibu, Mmisri, ambaye hakuwa na habari kwamba amepondwa kwa jeki. Aliombwa aoneshe jeraha. Akajipapasa kichwani, shingoni, akauliza kwa wasiwasi ni upande gani.

Sheria yao ilisema mtuhumiwa ana haki ya kujitetea kwa lugha yake ya mama, na maneno yake yatatokea kwa Kiingereza chini ya skrini, hapohapo. Nani atayatafsiri? Programu ileile. Ni kama kumpa fisi funguo za zizi halafu umwombe aandike ripoti ya upotevu.

Nikakohoa, nikaanza: "Waheshimiwa, kabla ya yote, naomba nipige hatua moja nyuma." Maandishi yakatokea: "Waheshimiwa, kabla ya yote, naomba nichape." Mwenyekiti akasogeza kiti chake nyuma, ingawa kati yetu palikuwa na bahari.

Nikaona, aa, dawa ni kulikwepa neno lenyewe. Nimezaliwa na Kiswahili, nitashindwaje kusema bila kupiga? Kuhusu kijana mpya nikasema, "Sikumpiga, nilimnoa." Skrini ikaandika kwamba nilimtia makali. Mwanasheria akaandika kitu kwenye daftari. Kuhusu mteja nikasema, "Yule nilimwangukia tu." Skrini ikaandika kwamba nilimdondokea kwa juu. Magoti yake sasa yakawa yameeleweka. Kuhusu shati nikajitahidi: "Nililinyoosha kwa chuma cha moto." Hapo msanifu wa Iran akafumba macho. Kila nilipokwepa, nilitumbukia pabaya zaidi, na kila nilipotulia nikiwaza, ukimya wangu ulionekana wa muuaji.

Mwenyekiti akatangaza kwamba ustawi wa mama ndio jambo la dharura, na kwamba wangependa kumsikia mwenyewe, bila shinikizo langu. Wakamuunganisha. Mama akatokea skrini nzima, au tuseme paji lake la uso na tundu moja la pua, maana simu huishika kama kioo cha kujipaka wanja.

"Hamjambo wanangu," akasema.

Wakamuuliza kwa upole sana, na programu ikaligeuza swali kwa Kiswahili chake: je, ni kweli mwanao alikupiga Jumatatu?

"Alinipigia, ndiyo."

Kimya. Maandishi: "Alinichapa, ndiyo."

"Na hufanya hivyo mara kwa mara?"

Mama akacheka cheko la uchungu ambalo nalijua tangu utoto. "Huyo? Thubutu! Angekuwa ananipigia kila siku ningelalamika nini? Mpaka Jumatatu ifike! Dada yake ana adabu, hunipigia asubuhi na jioni. Huyu mpaka nimkumbushe, mwanangu nipigie jamani, hata dakika mbili tu, nijue uko hai."

Sitawatafsiria yaliyotokea chini ya skrini. Mhandisi wa Kichina alizima kamera yake. Mwanasheria Mfaransa aliomba glasi ya maji, ingawa alikuwa peke yake nyumbani kwake.

"Mama," nikasema, "eleza vizuri, wanadhani nakupiga."

"Sasa si unanipigia? Nikatae?" Kisha akawageukia wale: "Ila msimfukuze. Ni kijana mzuri, hapo tu ndipo alipolegea. Mwambieni anipigie zaidi." Akakata simu, akiwa na hakika kwamba ameniokoa.

Nadhani ningeishia hapo, kama si yule msanifu wa Iran. Alikuwa ameinamia karatasi ya taarifa yangu ya asili, akifuata maneno kwa kidole, akasimama kwenye neno mswaki. Akauliza ni kitu gani. Nikamwonesha kwa kidole, mbele ya meno, nikienda juu na chini. Akapasuka kwa kicheko.

"Mesvak!" akasema. "Mesvak zadan!"

Kumbe neno mswaki sote tumelitoa kwa Waarabu, na kumbe Waajemi nao, wakisafisha meno, huyapiga. Zadan ni kupiga, na kwao huwezi kuishi bila hilo. Wakizungumza, hupiga maneno. Wakitabasamu, hupiga tabasamu. Nywele hupigwa kitana, mlango hupigwa, hema hupigwa. Akasema tena kwamba zang zadan ni kupiga simu na pia ni kushika kutu, na kwa wanaosubiri kupigiwa na mafundi wetu wa kompyuta, hizo si maana mbili.

Kamera ya mhandisi wa Kichina ikawaka. Akasema, kwa sauti ya mtu anayekiri, kwamba nao wana dǎ. Dǎ ni kupiga, lakini simu ni dǎ, chafya ni dǎ, miayo ni dǎ, kuchota maji ni dǎ, kuvua samaki ni dǎ, kufuma sweta ni dǎ, na mwavuli ukiufungua juu ya kichwa nao umeupiga. Akatueleza habari ya Ouyang Xiu, mwanazuoni wa enzi ya Song aliyefariki mwaka 1072, ambaye aliandika kwa hasira kwamba dunia nzima, wakubwa kwa wadogo, wanalikosea neno hili: wanaunda mashua wanasema wamepiga, wanavua samaki wanasema wamepiga. "Malalamiko yale yana karibu miaka 1000," akasema, "na mpaka leo hayajajibiwa. Sidhani kama sisi tutayamaliza leo."

Mfaransa hakukubali kuachwa nyuma. Kwao simu ni pigo la waya, msaada ni pigo la mkono, kutazama haraka ni pigo la jicho, na mtu akipenda ghafla amepigwa na radi. Majeruhi wangu wa uhasibu akachangamka, akasahau kichwa chake, akasema kwa Kiarabu kuzidisha ni kupiga: namba hupigwa kwa namba, kutwa nzima, na hiyo ndiyo kazi wanayomlipa. Hata mfano na methali, akasema, hupigwa.

Mwenyekiti alibaki peke yake. Akasema Kiingereza, ashukuriwe Mungu, ni lugha tulivu. Mfaransa akamkumbusha taratibu, kwa raha ambayo Wafaransa huwawekea Waingereza akiba, kwamba saa zao hupiga, kiberiti hupigwa, makubaliano hupigwa; kwamba wakiondoka huigonga barabara, wakienda kulala huligonga gunia, na wakifa huwa wameipiga ndoo teke. Nikatafuta karatasi yangu ya maana 430 niongeze kuni, sikuiona. Baadaye niliikuta nimeikalia.

Shtaka likafutwa. Tatizo ni kwamba muhtasari wa kikao uliandikwa na programu, na kwa mujibu wake wajumbe wote walikuwa wamekiri: mmoja hutwanga meno, mwingine huchapa miavuli, wa tatu hupigwa radi na hupenda, na mhasibu hulipwa kwa kupiga namba. Uongozi wa juu ulipousoma haukucheka. Uliamua kumaliza tatizo kwa njia ya uongozi wa juu, yaani kwa waraka: kuanzia wiki ijayo, kitenzi hicho kisitumike katika taarifa yoyote. Nami, nikiwa mtaalamu wa suala lenyewe, nikapewa niuandike kwa Kiswahili na kuutuma kwa wenzangu.

Ningeweza kuandika umekataza. Ningeweza kuandika hairuhusiwi. Niliyajua maneno hayo yote. Lakini vidole vina ukaidi wake, na sentensi nzuri ya Kiswahili huja yenyewe:

"Uongozi umepiga marufuku kitenzi 'kupiga'."

Nikatuma. Programu ikatafsiri nakala ya wakubwa.

Jumatatu iliyofuata nikaitwa tena. Wakili wa kampuni alikuwapo safari hii, na daktari pia. Walitaka kujua huyo Marufuku ni nani, yuko idara gani, na hali yake inaendeleaje.