Kuthibitisha kwa Kurusha Sarafu

Kuna namna ya kuthibitisha ambayo huwatia shaka hata wapenzi wa hisabati. Unataka kuonyesha kwamba kitu fulani kipo, basi unarusha sarafu, unakokotoa uwezekano, kisha unatangaza: kipo. Hukukichora, wala hujui kilivyo. Kwangu hoja hii ni miongoni mwa zile nzuri kuliko zote katika hisabati, na naamini anayeitilia shaka hajaitazama hesabu yake kwa karibu. Tuitazame.

Chukua nukta 1,024. Unganisha kila nukta na kila nyingine. Utapata mistari 523,776. Kila mstari upake rangi nyekundu au bluu. Je, unaweza kuipaka mistari hiyo kiasi kwamba lisipatikane kundi lolote la nukta 20 ambalo mistari yake yote ni ya rangi moja? Kujaribu mpako mmoja mmoja hakutakufikisha popote, maana makundi ya kukagua ni mengi kupita kiasi. Mwaka 1947 Paul Erdős, mwanahisabati wa Hungaria, alionyesha jinsi ya kulijibu swali la aina hii bila kupaka mstari hata mmoja.

Rusha sarafu kwa kila mstari. Kundi la nukta 20 lina mistari 190 ndani yake, na uwezekano wa yote kutoka rangi moja ni 1 kwa 2¹⁸⁹. Makundi yenyewe hayafiki 2¹³⁹. Zidisha: wastani wa makundi mabaya (yale ya rangi moja tupu) katika mpako mmoja ni chini ya 1 kwa 2⁵⁰, yaani chini ya moja kwa milioni bilioni. Lakini idadi ya makundi ni namba kamili: 0, 1, 2 na kuendelea. Kama kila mpako ungekuwa na walau kundi baya moja, wastani usingeshuka chini ya 1. Umeshuka, tena mno. Basi upo mpako usio na kundi baya hata moja.

Hakuna "huenda" katika jibu hilo. Sarafu ni njia ya kuhesabu tu: iondoe, useme mipako mibaya ni michache kuliko mipako yote, na hoja inabaki ileile.

"Haya, nionyeshe huo mpako." Dai hili ni la haki, na ndilo linalonivutia zaidi. Karibu mipako yote ni mizuri. Kompyuta ikirusha sarafu mara moja kwa kila mstari, karibu hakika itakupa mmoja wao; ila kuthibitisha kwamba huo ulioupata ni mzuri ni kazi nyingine kabisa. Na kanuni ya wazi inayosema mstari huu mwekundu, ule bluu, ikazuia makundi mabaya kwa kiwango kile cha hoja ya Erdős, hata nukta ziwe nyingi kiasi gani, haijapatikana mpaka leo. Tumezungukwa na vitu tusivyoweza kukinyooshea kidole hata kimoja!

Wapo wanaosema maarifa ya namna hiyo hayana kazi. Sikubaliani nao. Mwaka 1948 Claude Shannon, mwanahisabati wa Marekani, alichukua misimbo (njia za kuandika ujumbe kwa alama ili makosa yaweze kusahihishwa) iliyoteuliwa kwa nasibu, akapiga wastani wa makosa yake, akathibitisha kwamba ipo misimbo inayopitisha ujumbe kwenye njia yenye kelele kwa makosa machache kadiri upendavyo, mradi kasi isivuke kikomo fulani. Hakuwapa wahandisi msimbo wa kutumia. Aliwapa uhakika kwamba msako una mwisho, na mwaka 1993 misimbo iitwayo turbo ilikikaribia sana kikomo chake.

Mfano mwingine ni wa zamani zaidi. Mwaka 1909 Émile Borel, mwanahisabati wa Ufaransa, alithibitisha kwamba karibu namba zote halisi zina tarakimu zilizosambaa sawasawa, kila tarakimu na kila mfuatano wa tarakimu ukipata haki yake. Ukichagua namba kwa nasibu, uwezekano wa kuangukia isiyo na sifa hiyo ni sifuri. Kwa namba pai, hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba inayo sifa hiyo.