Kashata Bado Zipo, Miaka Imeisha: Tairi za Trela Zibadilishwe Lini?

Wanaovuta trela za kusafiria, zile zenye vitanda na jiko humo humo ndani, wana ugomvi mmoja usioisha. Wapo wanaosema tairi inabadilishwa ikiisha, na kuisha maana yake kashata, yale meno ya tairi yanayoshika barabara, zimekwisha au umeona ufa, basi. Na wapo wanaosema tairi ya trela ikifika miaka mitano itoke, hata kama kashata zote zipo. Hawa wa pili ndo wanachekwa zaidi, wanaitwa waoga, wamelishwa maneno na wauza tairi, wanatupa mali nzima. Mimi naona wanaochekwa hawajasikilizwa vizuri, na wenzao nao wana jambo moja kubwa la kweli nitalifikia, ila kwanza hili la kashata tulimalize.

Kashata ni kipimo cha gari linalotembea kila siku. Gari linalopiga kilomita elfu ishirini kwa mwaka linamaliza kashata kabla mpira haujachoka, kwa hiyo ukikagua kashata unakuwa umekagua na umri humo humo bila kujua. Trela haiendi hivyo. Inatoka mara chache, kilomita elfu tatu nne kwa mwaka, halafu inaegeshwa miezi mahali pamoja, uzito wote umekalia sehemu ile ile ya tairi na jua linapiga upande mmoja tu. Kwa mwendo huo kufika 1.6 mm, ambayo nchi nyingi ndo kikomo cha kisheria, itakuchukua miaka mingi sana, na muda wote huo mpira unazeeka. Anayesubiri kashata ziishe kwenye trela anasubiri dalili ambayo kuna uwezekano mkubwa isitokee kabla tairi yenyewe haijaachia.

Na mpira unazeekaje ukiwa umekaa tu? Hapa ndo watu wengi wanadhani ni jua peke yake, wananunua vifuniko vya tairi na roho inatulia. Jua na ozoni zinaharibu ngozi ya nje, ni kweli, na kifuniko kinasaidia hapo, hata joto kinapunguza kidogo. Lakini kuna kazi nyingine inafanyika ndani ambayo kifuniko hakiioni. Upepo uliomo kwenye tairi una oksijeni, na una presha, kwa hiyo oksijeni inasukumwa taratibu kupenya mpira kutoka ndani kwenda nje, na njiani inapita pale kwenye kingo za mikanda ya waya za chuma iliyolala chini ya kashata. Mpira wa pale unakuwa mgumu, unapoteza ule mvutano wake, kama mpira wa kufungia hela uliosahaulika kwenye droo. Joto linaharakisha kila kitu. Viwanda vinaweka dawa ndani ya mpira za kupambana na oksijeni na ozoni, na nta fulani inayojitokeza juu kama kinga, ila hiyo nta inatoka vizuri tairi ikiwa inazunguka na kujikunja. Tairi iliyokaa miezi sita haijikunji popote.

Ukitaka kuona matokeo yake, angalia tairi ambayo mikanda yake imeachana ikikatwa. Nje kashata nzuri kabisa. Ndani, pale mkanda mmoja wa waya ulipobanduka kutoka kwa mwenzake, kuna sehemu imesuguana mpaka ikawa laini inang'aa, na unga mweusi wa mpira unabaki vidoleni. Kusuguana mpaka kung'aa vile si kazi ya dakika moja, maana yake tairi ilikuwa inatembea huku imeshaachana, na mwenye trela alikuwa anaizunguka kila asubuhi anaipiga teke na kusema iko poa.

Sasa takwimu, na hii moja nataka tukae nayo maana inarushwa ovyo na pande zote mbili. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitoa takwimu za kampuni moja kubwa ya bima za miaka ya 2002 hadi 2006. Majimbo matano ya joto, Texas, California, Louisiana, Florida na Arizona, yalikuwa na asilimia 27 ya wateja wa kampuni hiyo, lakini asilimia 77 ya madai yanayohusu tairi yalitoka huko. Na katika madai hayo, asilimia 84 yalikuwa ya tairi zenye zaidi ya miaka sita. Watu wa miaka mitano wakiishika hii 84 wanaona kesi imefungwa. Haijafungwa. Kwanza hizo si tairi za trela. Pili, mtu ambaye hajabadilisha tairi miaka saba mara nyingi ndo yule yule asiyepima upepo, kwa hiyo huwezi kujua moja kwa moja kama kilichoua ni umri au uzembe unaotembea pamoja na umri. Tatu, hiyo 84 ni ya yale majimbo ya joto tu, kwa hiyo inasema habari za joto na umri kwa pamoja, haisemi umri peke yake.

Lakini pia usiitupe. Gari linalotembea kila siku mara nyingi linakuwa limeshamaliza tairi kabla ya miaka sita, kwa hiyo zenye zaidi ya miaka sita barabarani ni wachache kati ya wengi. Kama wachache hao ndo wanazalisha madai 84 kati ya kila 100, hata ukipunguza kwa ajili ya uzembe bado kuna kitu kikubwa kimebaki. Halafu jiulize ni tairi gani inafanana zaidi na ya trela, ile ya gari la kila siku au ile iliyozeeka bila kuisha kashata? Trela nzima imevaa tairi za aina ya pili. Mimi hapo ndo huwa nakwama kila nikijaribu kuwatetea watu wa kashata.

Uingereza wana mfano mwingine mchungu. Mwaka 2012 basi lilikuwa linarudisha watu kutoka tamasha la muziki, tairi ya mbele ikapasuka, watu watatu wakafa. Tairi ilikuwa na miaka zaidi ya 19, na kashata zake zilikuwa ndani ya sheria. Ilichukua mpaka tarehe 1 Februari 2021 ndo sheria ikaja kukataza tairi zenye zaidi ya miaka kumi kwenye ekseli za mbele za malori na mabasi, na kwenye magurudumu yote ya kibasi kidogo yanayokaa mojamoja. Trela za kusafiria hazimo kwenye katazo hilo, wenyewe wameachiwa ushauri tu, na chama chao kikubwa, Caravan and Motorhome Club, kinashauri ubadilishe ukifika miaka mitano na usizidi saba kabisa.

Kwa hiyo hiyo mitano imetoka mbinguni? Hapana, na hapa watu wa kashata wana haki ya kukunja uso. Hakuna saa ndani ya mpira inayolia siku ya kutimiza miaka mitano. Ford walishauri miaka sita, Michelin wanasema ukifika mitano kagua kila mwaka na kumi ndo mwisho, na wote hao wanazungumzia magari, si trela. Tena tairi iliyokaa ghalani gizani, penye ubaridi, haijajazwa upepo, haizeeki kwa kasi moja na iliyobeba trela juani, kwa hiyo kuhesabu kuanzia siku ya kutengenezwa ni kuhesabu kwa ukali. Hii mitano ni namba ya makubaliano, ya tahadhari. Sioni tatizo mradi tuseme hivyo wazi.

Haya, lile jambo kubwa la kweli nililoahidi. Watu wa kashata wenye akili, maana wapo, hawasemi tairi ni ya milele. Wanasema tairi nyingi za trela zinakufa kwa upepo mdogo na uzito mkubwa, na mwaka unasingiziwa tu. Na hapo wako sahihi kuliko wanavyopewa sifa. Chukua trela ya ekseli mbili, tairi nne, kila moja inaruhusiwa kilo 880, jumla 3,520. Mizani inasema zile ekseli zimebeba kilo 3,300 na vyombo vyote, mwenyewe anafurahi. Ila jiko, friji na tangi la maji viko upande mmoja, kwa hiyo ukipima gurudumu mojamoja unakuta mbili zina 750 na mbili za upande wa pili zina 900. Tayari zimezidi, na zile 880 ni kwa upepo kamili ulioandikwa ubavuni, ukipungua upepo na uwezo unapungua. Sasa kata kona kali ya kurudi nyuma: tairi za ekseli mbili haziwezi kufuata kona, zinaburuzwa kwa ubavu, unaona kabisa ya mbele imejipinda huku na ya nyuma imejipinda kule. Gari dogo halipati mateso hayo hata siku moja. Ongeza na mwendo, maana tairi nyingi za trela zenye alama ya ST (Special Trailer, yaani maalumu kwa trela) zilitengenezwa kwa mwisho wa kilomita 105 kwa saa, za siku hizi zimepanda ila lazima usome ubavuni, na dereva anavuta kwa 120 kwa sababu injini inaweza.

Mtu wa aina hii akibadilisha tairi kila miaka mitano bila kupita mizani hata mara moja ananunua utulivu wa moyo tu, na tairi yake ya miaka miwili inaweza kupasuka kabla ya ya jirani yenye sita.

Nakubali yote hayo, na bado naangukia upande wa miaka. Sababu ni kwamba mateso ya upepo na uzito hayafutiki. Ukitembea na upepo mdogo saa moja, ukaja kujaza, geji itasoma vizuri lakini zile waya na nyuzi zimeshaumia na hazirudi. Kila msimu unaongeza lake, kona ile, ukingo ule wa barabara uliopanda, jua lile. Huna namna ya kuyahesabu moja moja, kitu pekee unachoweza kuhesabu kwa uhakika ni miaka. Hata vile vifaa vya kupima presha kwenye valvu, ambavyo navipenda na nadhani kila trela iwe navyo, vinakwambia upepo unapotoka. Mikanda inaweza kuachana bila upepo kutoka, kifaa kinasoma kawaida mpaka sekunde ya mwisho.

Halafu gharama yenyewe si ya tairi. Dereva wa trela mara nyingi hasikii kitu, hasa ya ekseli mbili, anashtuliwa na anayempita anayepiga honi. Wakati huo kipande cha tairi kinazunguka kinachapa chini ya trela, kinakata waya za breki, kinapinda bomba la gesi, kinang'oa sakafu ya bafu, na tairi ya jirani imebebeshwa mzigo wa wawili kwa kilomita zote hizo. Hiyo jirani nayo usiiamini tena baada ya hapo hata kama haina alama.

Kama ungeniuliza mimi ningefanya hivi. Soma tarehe kwanza: kwenye ile mistari inayoanza na DOT, tarakimu nne za mwisho ndo wiki na mwaka, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019, na ukikuta tatu tu ujue ni ya kabla ya 2000, usiulize zaidi. Mara nyingi tarehe iko ubavu mmoja tu, na kama fundi aliifunga imeangalia ndani utalala chini ya trela na tochi, lala. Ukinunua mpya soma kabla hazijafungwa kwenye rimu, usikubali yenye miaka miwili eti ni mpya. Kuanzia mwaka wa tatu inua gurudumu kwa jeki, lizungushe taratibu huku kiganja kiko juu ya kashata, ukihisi mwinuko au sehemu imevimba haijalishi ina umri gani, imeisha. Angalia na nyufa kule chini kati ya kashata, si ubavuni tu.

Mwaka wa tano zitoke. Kama trela inakaa ndani ya banda, sehemu ya baridi, umepima kila gurudumu na uko chini ya uwezo kwa nafasi ya kutosha, sitagombana na wewe ukienda mpaka wa sita au hata wa saba kwa kukagua kila safari. Kama inakaa juani na imebeba mpaka mwisho, mitano yenyewe ni mingi, anza kufikiria wa nne.

Na ile spea inayoning'inia nyuma, ambayo haijawahi kugusa lami, isome tarehe pia. NHTSA walipochunguza tairi za magari ya Phoenix walikuta hata spea zinazeeka. Wengi wanabadilisha nne za chini halafu wanaiacha ile ya tano ya mwaka trela iliponunuliwa, ndo wanayoifunga usiku pembeni ya barabara na kuendelea na safari kwa mwendo ule ule.