Kiwanda cha Volkswagen Kigali: Tusisahau Usukani

Juni 2018 Volkswagen ilizindua kiwanda Kigali kwa mtaji wa dola milioni 20, na uwezo uliotangazwa ulikuwa magari 5,000 kwa mwaka. Tangu hapo, habari ya viwanda ikigusiwa huku Tabora na Kigoma, haichukui muda kabla mtu hajauliza: Rwanda isiyo na bahari imeweza, sisi Tanzania wenye bandari na reli tunangoja nini? Swali ni la haki, ila linaruka hatua moja. Kwanza tujue kinachofanyika mle ndani.

Gari hufika likiwa limeshapita nusu ya safari yake. Bodi imechomelewa na kupakwa rangi kwenye kiwanda mama. Injini, giaboksi, magurudumu na vinginevyo vinakuja kwenye kreti. Wanaoliunganisha hufungua kreti na kuhesabu vifaa, hufunga injini na giaboksi kwa pamoja, huzipandisha chini ya bodi, hufunga ekseli na bomba la moshi, hujaza oili na maji ya rejeta, hutoa upepo kwenye breki. Kisha wili alaimenti, kupima mwelekeo wa taa, kujaribu breki, na kulimwagia gari maji kuona kama linavuja. Mashine za kukunja bati hamna, wala bwawa la rangi. Kinachoharibu siku ni vitu vidogo: klipu moja ikipungua kwenye kreti, gari linasimama, maana nyingine itoke ng'ambo.

Wanaobeza husema hiyo si kuunda gari, ni kukaza nati. Wamekosea nusu. Kukaza nati kwa spana yenye kipimo, kila moja kwa nguvu iliyoandikwa, ni ufundi ambao gereji nyingi za Nzega hazina. Kule kipimo ni mkono wa fundi na kipande cha bomba alichochomeka kwenye spana ili kuongeza nguvu. Nati ya hedi ikikazwa hivyo haileti shida leo. Baada ya miezi gasketi inapitisha maji, na lawama zinaangukia gasketi. Kijana aliyefundishwa kukaza kwa kipimo anabaki na ujuzi huo hata kiwanda kikifungwa.

Nusu waliyopatia ni ya hesabu. Magari 5,000 kwa siku 250 za kazi ni 20 kwa siku. Kiwanda cha Volkswagen cha Kariega, Afrika Kusini, hutoa zaidi ya laki moja kwa mwaka. Kalibu za chuma za kukunjia bati la mlango mmoja hugharimu fedha ambazo hurudi tu zikigawanywa kwa malaki ya milango. Kwa magari 20 kwa siku hakuna mhasibu atakayeidhinisha. Kwa hiyo kuunganisha vifaa vya wengine si hatua ya kwanza inayoleta ya pili yenyewe; wingi usipokuja, mtu anaweza kukaa hapo hapo miaka yote.

Kampuni yenyewe ililijua hilo. Badala ya kungoja wanunuzi dukani ilianzisha Move, huduma ya kuita gari kwa simu, magari yatoke kiwandani yakabebe abiria. Ni akili nzuri, na papo hapo ni kukiri kwamba soko la gari jipya lilikuwa dogo. Oktoba 2019 ikaleta e-Golf 4 za umeme pamoja na Siemens, kampuni ya Ujerumani, zikitarajiwa kufika 50. Mwisho wa 2020 Volkswagen ikaacha kabisa kutengeneza modeli hiyo huko Ujerumani. Uamuzi wa namna hiyo haufanyiki Kigali.

Halafu kodi. Katika ushuru wa pamoja wa forodha wa Afrika Mashariki gari dogo kamili hutozwa asilimia 25, wakati vifaa vya kuunganishia hupewa nafuu. Kiwanda kinaishi chini ya kivuli hicho cha kodi. Mwaka 2021 Rwanda ikasamehe kodi magari ya umeme, hata yanayoingia yakiwa kamili, kivuli kikapungua. Upande wetu, hata ukijumlisha asilimia 25 hiyo, VAT ya asilimia 18 na ushuru wa gari kuukuu, Toyota IST ya mtumba kutoka Japani bado ni rahisi kuliko Volkswagen Polo mpya, na shokapu yake unaipata Urambo.

Ndipo tufike kwenye usukani. Rwanda huendesha upande wa kulia, sisi kushoto. Ukitaka kulihamisha gari la Kigali liwe la huku, usidhani ni suala la usukani peke yake: kuna stelingi boksi, dashibodi nzima, pedeli, mtungi wa kusaidia breki, vyuma vya waipa, nyaya na begi la hewa. Taa nazo, maana taa za chini za gari lao huelekea kulia, na kwenye barabara ya Nzega kwenda Igunga usiku zingempiga machoni dereva wa lori anayekuja. Kiwanda kinaweza kuagiza kreti za upande wetu, lakini hapo yale magari 20 kwa siku yanagawanyika mafungu mawili, na stoo pia.

Sisi tumewahi kujaribu. TAMCO, kiwanda cha magari cha Kibaha, iliunganisha malori ya Scania. Leo jina limebaki kwenye eneo. Kibaha hiyo hiyo sasa inaunganisha malori ya FAW ya China, na hilo nalielewa zaidi kuliko gari dogo, kwa kuwa lori lina mnunuzi.

Kwa Tabora ningeanza na kinachovunjika. Mizigo mingi ya Rwanda hupita Igunga na Nzega kwenye malori, na majani ya springi hukatika kila siku. Fundi hulichoma jani la zamani kwa mkaa na kulipinda kwa nyundo. Umbo linarudi, lakini ugumu umekwenda na moto, kwa hiyo lori linakaa chini tena kabla ya msimu kuisha. Kutengeneza jani jipya kunahitaji chuma maalumu cha springi, tanuru linaloshika nyuzi 850 hadi 900 bila kuyumba, pipa la oili la kulizimia, kisha kulipasha tena kwenye nyuzi 450 hadi 500 ili lisipasuke kama kioo. Kipimajoto cha tanuru ndicho kifaa cha kununua kwanza, kabla hata ya tanuru lenyewe kuwa kubwa.