Korosho za Kusini: dola ilipoharibu na soko lilipopwaya

Mjadala wa uchumi huria Tanzania huzunguka mambo mawili: Azimio la Arusha la 1967, lililoweka njia kuu za uchumi mikononi mwa serikali, na ruksa ya Mzee Mwinyi, rais aliyelegeza masharti ya biashara. Mimi naupeleka Mtwara na Lindi, kwenye mikorosho, kwa kuwa huko dola, yaani serikali, na soko vyote vimepewa nafasi ya kutosha.

Wanaotamani enzi za mashirika ya umma waangalie kwanza mavuno. Msimu wa 1973/74 nchi ilipata takriban tani 145,000 za korosho ghafi. Kufikia 1986/87 zilikuwa chini ya tani 20,000. Ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ulichangia, lakini si ugonjwa peke yake. Operesheni Vijiji, kampeni ya serikali ya kuwakusanya watu vijijini, iliwahamisha wakulima mbali na mikorosho yao, na shamba lisilopaliliwa huwa pori. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vikafutwa, akabaki mnunuzi mmoja, mamlaka ya serikali, huku fungu la mkulima katika bei likizidi kupungua. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa kwa mikopo ya nje vikakosa korosho za kubangua.

Soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wafanyabiashara binafsi walifika hadi vijijini na fedha taslimu. Wakulima wakarudi kupalilia na kupuliza salfa, na kabla muongo haujaisha mavuno yalishapita tani 100,000. Anayesema uchumi huria haukumpa mkulima wa Kusini chochote hamtendei haki.

Lakini fikiria mkulima wa Newala au Tandahimba mwezi Februari. Chakula kimeisha, ada inadaiwa. Anakuja mnunuzi wa kangomba, yaani anayenunua korosho kabla ya mavuno, anamwachia fedha kidogo, na deni litalipwa Oktoba kwa korosho ambazo hata maua yake hayajatoka. Siku ya kulipa, kipimo ni bakuli, mizani haionekani. Kisheria amekubali mwenyewe. Mimi siwezi kuyaita hayo mapatano huru, kwa sababu upande mmoja una njaa na mwingine una muda wa kusubiri.

Stakabadhi ghalani, iliyoanza kwenye korosho 2007, ililenga hapo hapo. Mzigo unapimwa kwenye chama cha msingi cha ushirika, unawekwa daraja, unakaa ghalani. Wanunuzi wanaweka bei zao, zinasomwa mnadani, na wakulima wanakubali au wanakataa. Msimu wa 2017/18 bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Udhaifu wa mfumo huu ni makato mengi na malipo ya kuchelewa; Aprili 2013 hasira za malipo pungufu ziliwasha vurugu Liwale, nyumba zikachomwa moto. Na Novemba 2018, bei za wanunuzi ziliposhuka, Rais Magufuli aliagiza serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likasomba mzigo. Nia ya kumlinda mkulima ilikuwa ya kweli. Ila uhakiki wa wakulima ulivuta miezi, na wenye mzigo mkubwa wakatakiwa waonyeshe mashamba yao, maana walishukiwa kuwa mzigo huo waliupata kwa kangomba.

Viwanda ndivyo vinavyoniuma zaidi. Vilibinafsishwa, na kadhaa vikaishia kuwa maghala ya korosho ghafi zinazosafirishwa kubanguliwa India na Vietnam. Vietnam nayo iliacha uchumi wa kupangwa na dola mwaka 1986, mwaka ule ule tuliokubaliana mageuzi ya uchumi na Shirika la Fedha la Kimataifa. Leo inaongoza duniani kwa kuuza korosho zilizobanguliwa, nyingi zikiwa zimenunuliwa Afrika. Kufungua soko, basi, hakulazimishi kuua viwanda. Sisi tuliuza majengo bila kusimamia kwamba mashine zitaendelea kuzunguka.

Mnada ubaki, na serikali iwe mwamuzi, si mnunuzi. Lakini sheria ya kupiga marufuku kangomba haitafika mbali iwapo mwezi Februari hakuna mwingine wa kumkopesha mkulima. Chama cha msingi kina rekodi za kilo alizopeleka ghalani kila msimu. Benki zinaweza kuzitumia hizo kama dhamana ya mkopo mdogo, ukatwe mnadani kwa bei iliyosomwa hadharani.